Mji Huu Umezaliwa Lini? Maswali ya Wasomaji kuhusu Sherehe za Tanga

Barua za mwezi huu zimetoka Tanga kwa wingi kuliko kawaida, na karibu zote zinazungumzia jambo moja: mitaa kadhaa imeanza kupanga sherehe za kumbukumbu ya kuanzishwa kwa mji, na kila penye kupanga sherehe pana kubishana. Nimechagua sita. Nimezifupisha, na majina ya waandishi nimeyaacha kama walivyoomba.

*Ndugu Mhariri, salaam. Mimi ni katibu wa kamati ya mtaa hapa Chumbageni. Tumekubaliana kuwa na wiki ya kumbukumbu ya kuanzishwa kwa Tanga, lakini tumekwama kwenye jambo la kwanza kabisa. Mjumbe mmoja anasema tuhesabu tangu 1891, mwingine anasema tuhesabu tangu Tanga ilipokuwa jiji, na mzee mmoja ametuambia kwamba sote hatujui tunalolisema. Mchoraji wa bango anasubiri namba.*

Ndugu Katibu, mzee huyo msimwondoe kwenye kamati.

Mwaka 1891 una maana yake, lakini maana hiyo si kuzaliwa kwa mji. Wajerumani waliingia Tanga kwa silaha mwaka 1889, wakati wa vita vile vya pwani ambavyo kiongozi wake, Abushiri bin Salim, alinyongwa Pangani mwezi Desemba mwaka huohuo. Baada ya hapo Sultani wa Unguja alilipwa marki milioni 4 ili aiachie Ujerumani pwani yote, na mwaka 1891 Tanga ikafanywa makao ya wilaya. Anayehesabu tangu 1891 anahesabu umri wa ofisi. Ofisi hiyo ilijengwa mahali ambapo tayari palikuwa na liwali wa Sultani, wafanyabiashara wa Kihindi, wavuvi, mashamba ya minazi, na misafara iliyokuwa ikipanda kuelekea Usambara na Kilimanjaro kutafuta pembe za ndovu. Mtu hawezi kuzaliwa siku anayoandikishwa shule.

Hoja ya jiji nayo ni ya kweli kwa kiasi chake. Tanga ilipewa hadhi ya jiji mwaka 2005, na mwaka huo unafaa kukumbukwa na madiwani, kwa kuwa ulibadilisha ngazi ya halmashauri na majukumu yake. Lakini mkiandika kwenye bango kwamba mji ulianza 2005, vijana wenu watakuwa wakubwa kuliko mji wao.

Sasa tumsikilize mzee. Ukisimama kwenye bustani ya Jamhuri ukatazama ghubani, kisiwa kilicho mbele yako ni Toten, jina ambalo Wajerumani walikipa kwa sababu ya makaburi waliyoyakuta. Huko kuna magofu ya misikiti na makaburi ya watu waliokuwa na mji wao kabla Mjerumani hajajua kwamba kuna mahali panapoitwa Tanga. Ukishika njia ya Pangani, kilometa 17 hivi kuelekea kusini, unafika Tongoni, ambako pana msikiti uliojengwa kwa mawe ya matumbawe na makaburi yapatayo 40, mengine yakiwa na nguzo ndefu, ambayo wataalamu wanayahesabu kuwa ya karne ya 14 na ya 15. Maji ya Tongoni yana habari yake pia. Mwaka 1498 meli iitwayo São Rafael, katika msafara wa Vasco da Gama, ilikwama kwenye mafungu ya Mtangata, ikanasuliwa. Na mwaka uliofuata, Wareno wakirudi kutoka Bara Hindi huku mabaharia wengi wamekwisha kufa kwa maradhi, waliichoma moto papo hapo kwa kukosa watu wa kuiendesha. Wenyeji waliwaona wakija na wakawaona wakiondoka. Kwa hiyo walikuwapo.

Dar es Salaam ina bahati ambayo nyinyi hamna, maana inajulikana kwamba Sultani Majid ndiye aliyeamua katika miaka ya 1860 kujenga mji mpya pale palipokuwa na kijiji cha Mzizima. Tanga haina mtu mmoja aliyesimama akasema, "Hapa tujenge." Ilikua kama mkoko unavyokua, mzizi mmoja ukishuka kando ya mwingine, na hakuna anayeweza kuonyesha mzizi wa kwanza.

Ushauri wangu ni kwamba bango liandikwe "Wiki ya Historia ya Mji wa Tanga" na namba iachwe. Ikiwa wafadhili wanadai namba (nawajua wafadhili, hawawezi kuchangia pasipo namba), basi iandikwe pamoja na kile kinachohesabiwa: kwa mfano, miaka kadhaa tangu Tanga kuwa makao ya wilaya, au miaka kadhaa tangu kuanza kujengwa kwa reli, ambayo ujenzi wake ulianzia hapo Tanga mwaka 1893. Namba yoyote inafaa ikiwa imesema inahesabu nini.

*Ndugu Mhariri, mimi ni mkaazi wa Pongwe, mjukuu wa manamba. Babu yangu alikuwa Muha kutoka Kigoma, akaletwa na Silabu kukata mkonge, akaoa huku na akafia huku. Katika kikao cha sherehe mtu mmoja alisema kwamba historia ya Tanga ni ya Wadigo, Wasegeju, Wabondei na Washirazi, na kwamba sisi tulikuja tu. Sikujibu, lakini niliumia. Je, tuna mahali katika sherehe hii?*

Dada yangu, barua yako nimeisoma mara mbili, na nitaijibu kwa urefu kuliko zote.

Tuanze na mmea wenyewe, kwa kuwa nao ulikuja. Mwaka 1893 Mjerumani aitwaye Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida, ambako nayo ilikuwa imetolewa Meksiko, na baada ya safari ndefu iliyoua miche mingi, ikafika 62 tu iliyokuwa hai, ikapandwa upande wa Pangani. Mwaka huohuo ndio reli ilianza kujengwa kutoka Tanga. Reli ilifika Korogwe mwaka 1902 na Moshi mwaka 1911, na kila ilipopita, mkonge uliifuata, kwa maana singa, yaani nyuzi za mkonge, ni mzigo mkubwa usioweza kubebwa kichwani hadi bandarini kwa faida yoyote. Mashamba yakawa makubwa kuliko idadi ya watu waliokuwa tayari kuyafanyia kazi. Wenyeji wa pwani na wa milimani walikuwa na mashamba yao, na hawakuona sababu ya kuacha muhogo wao ili wakachomwe na miiba ya mtu mwingine.

Hapo ndipo anapoingia babu yako. Wenye mashamba walitafuta watu mbali: Kigoma, Songea, Mbeya, Rwanda, Burundi, na Wamakonde waliovuka Ruvuma kutoka Msumbiji. Mwaka 1944 wakaunda chombo chao cha kuandikisha vibarua, ambacho watu walikiita Silabu kama wewe unavyokiita hadi leo. Aliyeandikishwa alipewa namba, na namba hiyo ndiyo iliyozaa jina la manamba. Kazi ilihesabiwa kwa kipande: siku 30 za kazi zikitimia kwenye kadi ndipo ulipwe, na siku usiyomaliza mafungu uliyopangiwa haikuhesabiwa. Majani yakikatwa yalifungwa, yakabebwa hadi kwenye vitoroli, yakapelekwa korona, yaani mashine ya kukamulia mkonge, kukamuliwa, kisha singa zikaanikwa kwenye kamba ndefu mpaka ziwe nyeupe. Nawaandikia haya wasomaji vijana wa mbali, maana wewe umeyasikia nyumbani.

Ilipofika mwaka 1964 nchi ilitoa zaidi ya tani 230,000 za mkonge, na sehemu kubwa ya mzigo huo ilipitia bandari ya Tanga. Jiulize ni nini kilichojengwa mjini kwa fedha hizo: maduka, majumba ya sinema, hospitali, shule, nyumba za ghorofa za wafanyabiashara, hata vilabu vya mpira. Ni sehemu gani ya Tanga ya karne ya 20 itakayobaki ukimwondoa manamba? Makao ya Bodi ya Mkonge yapo Tanga hata leo, wala hakuna anayeuliza kwa nini yapo hapo.

Aliyesema kwenye kikao kwamba nyinyi mlikuja tu amesahau msemo ambao mji wenyewe unajivunia, wa "waja leo, waondoka leo", ambao wenyeji huusema kwa kicheko wakimwangalia mgeni aliyesema atakaa siku mbili na sasa ana wajukuu. Mdigo alikuwa na wa kumpokea, Msegeju alitoka kaskazini kwa mujibu wa masimulizi yake mwenyewe, na Washirazi wanasema kwa fahari kwamba wazee wao walivuka bahari. Kila mmoja alikuja. Tofauti ni kwamba wengine walikuja zamani kiasi cha kusahau njia. Hilo halipunguzi heshima ya waliotangulia, na wala sisemi kwamba mwenye mji asitajwe kwanza. Atajwe kwanza. Ila orodha isiishie hapo.

Nakushauri usiende kwenye kikao kijacho na malalamiko, nenda na kitu mkononi. Tafuta kadi ya kipande ya babu ikiwa imebaki, au picha, au panga lake, au wimbo mmoja waliokuwa wakiimba kambini kwa Kiha. Omba siku moja ya wiki hiyo iwe siku ya mkonge, itakayofanyika kambini na siyo mjini, ili watu wa mjini wapande gari waje kwenu kwa mara moja. Mtafute mzee aliyefanya kazi ya korona, aeleze kwa mdomo wake jinsi mashine ilivyokuwa ikiwachukua watu vidole. Na kina mama wanaosuka vikapu vya katani wasiwekwe pembeni kama wauzaji. Wakae mbele, wafundishe.

*Mhariri, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nimeombwa niwaongoze wanafunzi wa darasa la sita kukusanya historia ya mitaa yetu ya Ngamiani. Nianzie wapi, na vitabu hatuna?*

Mwalimu, kukosa vitabu kutakusaidia, kwa sababu wanafunzi hawatakuwa na pa kunakili.

Anzia na barabara. Ngamiani ina desturi isiyopatikana katika miji mingi ya pwani ya kuziita barabara kwa namba, na mtoto wa huko huona ni jambo la kawaida mpaka atakapoulizwa ni kwa nini. Mpe kila mwanafunzi barabara moja na maswali matatu yasiyozidi: Nani alikaa nyumba hii zamani? Palikuwa na nini hapa ambacho sasa hakipo? Maji mlikuwa mkiteka wapi? Swali la maji lisiachwe. Nimeona mara nyingi kwamba mzee anayesema hakumbuki kitu, akiulizwa habari za bomba au kisima, hufunguka akaeleza mtaa mzima, nani aligombana na nani kwenye foleni na nani aliolewa kutokana na ndoo.

Wafundishe kuomba ruhusa kabla ya kurekodi kwa simu, na kumwandika kila mzee pamoja na mwaka aliozaliwa au tukio analolikumbuka la utotoni. Wazee wawili wakipingana, yaandikwe masimulizi yote mawili kando kwa kando. Mwanafunzi asichague mshindi. Hili hasa litatokea kuhusu jina la mji, kwa maana wapo watakaoeleza kwamba ni tanga la jahazi na wapo watakaokuwa na hadithi nyingine kabisa.

Waambie pia kwamba wao si wanafunzi wa kwanza Tanga kuandika habari za mji. Serikali ya Kijerumani ilifungua shule yake Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1890, ikiwa miongoni mwa shule za mwanzo kabisa za serikali katika koloni lile, na katika shule hiyo likachapishwa gazeti la Kiswahili lililoitwa Kiongozi, ambalo lilitoka mpaka mwaka 1916. Lilikuwa gazeti la serikali na lilisema yaliyoifurahisha serikali, lakini barua na habari fupi za miji zilizoandikwa humo na Waswahili wenyewe bado zinasomwa na watafiti. Kurasa zenu, mkizihifadhi vizuri na kuacha nakala kwenye maktaba ya mkoa, zinaweza kusomwa vivyo hivyo.

*Ndugu Mhariri, nyumba ya bibi yetu ina mlango wa nakshi wa zamani. Kuna mtu amesikia habari za sherehe akaja kutaka kuununua, anasema ataupeleka kwenye maonyesho nje ya nchi. Ndugu zangu wanataka kuuza.*

Msiuze kwanza. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inaitambua milango ya mbao iliyochongwa nakshi kabla ya mwaka 1940 kuwa miongoni mwa vitu vinavyolindwa, na kitu cha namna hiyo hakiruhusiwi kutolewa nchini bila kibali. Nendeni kwa afisa utamaduni wa halmashauri, mumwonyeshe picha za mlango na mumweleze mnunuzi alivyojitambulisha. Kwa sherehe yenyewe, mlango hauna haja ya kung'olewa: wakaribisheni watu waje kuutazama ukiwa mahali pake, bibi akiwa amekaa barazani.

*Mhariri, kikundi chetu cha vijana kinataka kuigiza Vita vya Tanga vya 1914. Tumeandika mchezo wa kuchekesha kuhusu Waingereza walivyofukuzwa na nyuki. Wazee wametukataza. Je, ni haki?*

Vijana, wazee wamewakataza kwa sababu nzuri, japo pengine hawakuieleza.

Nyuki walikuwapo kweli, wakawauma watu wa pande zote mbili, na kisa chao kimependwa kiasi cha kufunika kila kitu kingine. Lakini fikirini kilichotokea. Mwanzoni mwa mwezi Novemba mwaka 1914, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, askari wapatao 8,000 wa Uingereza, wengi wao wakiwa Wahindi waliosafirishwa kwa meli kwa wiki kadhaa na kuteremshwa kwenye ufuko wa Ras Kazone wakiwa wachovu na wagonjwa, walipelekwa kupigana na kikosi cha watu kama 1,000 cha kamanda wa Kijerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, ambacho wengi wake walikuwa askari Waafrika waliotoka bara, wakiwamo Wanyamwezi na Wasukuma. Jenerali wa Uingereza, Arthur Aitken, hakutaka kupeleleza vizuri kabla ya kushambulia. Mapigano makubwa yalikuwa tarehe 4, yakaingia hadi mitaani, na tarehe 5 Waingereza wakarudi melini wakiacha nyuma bunduki kwa mamia, bombomu (bunduki za rashasha) 16 na risasi 600,000, ambazo zilimsaidia Mjerumani kuendelea na vita. Mji haukuchukuliwa mpaka mwaka 1916. Kati ya waliouawa, wachache sana walikuwa na ugomvi wowote na mwenzao, na wenyeji wa Tanga hawakuwa na ugomvi na yeyote kati yao. Makaburi ya vita yapo mjini, mnayapita mkienda mpirani.

Kwa hiyo uigizeni mchezo, na nyuki muwaweke, lakini muuandike upya kwa macho ya mtu wa mjini: mama aliyesikia mizinga na kuwachukua wanawe akakimbilia mashambani, mpagazi aliyeshikwa njiani akapewa mzigo wa risasi. Kicheko kitapatikana tu, maana watu wa Tanga hawawezi kusimulia jambo lolote pasipo kicheko. Baada ya mchezo, nendeni pamoja na wazee mkafyeke majani makaburini.

*Shikamoo Mhariri. Sisi ni kikundi cha kina mama, tumepewa jukumu la burudani na chakula siku ya kilele. Vijana wanataka singeli kuanzia asubuhi hadi usiku. Sisi tunataka taarabu. Tusaidie.*

Marahaba, wanangu. Katika hili mimi nina upande, na nausema wazi.

Tanga si mji wa kuazima muziki. Katika miaka ya 1960 na 1970, vikundi vya Black Star na Lucky Star viliibadilisha taarabu kwa kutia magitaa na mapigo mapya, hata nyimbo zake zikapigwa pwani yote mpaka Mombasa, na sauti ya Bi Shakila ikajulikana kwa watu ambao hawajawahi kuiona Tanga. Wakati huohuo bendi za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz zilikuwa zikijaza kumbi, na wapiga magitaa wa mji huu walivuka mpaka wakawa wakubwa Nairobi. Mkisherehekea historia ya mji, basi hii ndiyo historia inayochezeka. Pangeni hivi: asubuhi ngoma za wenyeji, sengenya ya Wadigo na mdumange wa Wabondei na Wasambaa, kwa kuwa wacheza ngoma wengi ni watu wazima na jua la mchana litawachosha, alasiri mpira, na hapo ningependa kuona wazee waliochezea Coastal Union, timu iliyoanzishwa 1948 na kuchukua ubingwa wa nchi 1988, wakikutana na wazee wa African Sports, hata kama watacheza dakika 20 tu, jioni taarabu. Singeli muwape vijana kwa muda wa saa mbili, baada ya taarabu, wazee watakapokuwa wamekwenda kulala.

Kuhusu chakula, pilau itapikwa hata msipoagiza, kwa hiyo nguvu zenu zipelekeni kwenye vile ambavyo watoto wa mjini wameanza kuvisahau: bada (ugali wa muhogo) kwa samaki wa kukaanga na mchuzi wa nazi, kisamvu, mkate wa kumimina, vitumbua. Machungwa yaagizeni Muheza siku moja kabla. Na jiko la pweza liwekwe upande ambao upepo wa bahari hautapeleka moshi jukwaani, kwa sababu mwimbaji wa taarabu akikohoa katikati ya ubeti, fedha za kumtunza zitarudi mifukoni.